Maswali Yenu: Reli ya Skokie, iliyofungwa 1948, ikafungwa tena 1963, na bado inakimbia

Katika toleo lililopita tuliitaja kwa aya moja tu Njia ya Njano ya Chicago, ile iitwayo Skokie Swift, tukasema ndiyo fupi kuliko zote katika mtandao wa treni za mjini za CTA, shirika la umma la usafiri la Chicago. Barua zimekuja nyingi kuliko urefu wa reli yenyewe. Tumechagua zile zinazoshikana, na pale maswali mawili yalipofanana tumeyajibu pamoja.

SWALI: Ndugu Mhariri, mlisema reli hii ina stesheni tatu tu. Reli ya mjini yenye vituo vitatu ni reli gani? Naomba mtueleze inapita wapi hasa.

JIBU: Inaanzia Howard, stesheni iliyo ukingoni mwa Chicago kwa upande wa kaskazini, mpakani na mji wa Evanston. Inaishia Dempster, katika mji wa Skokie. Umbali ni maili 4.7, yaani kilomita 7.6 hivi, na kabla mwendo haujapunguzwa mwaka 2024 treni iliumaliza kwa dakika kama nane ikiwa haina kizuizi. Katikati kuna kituo kimoja, Oakton, ambacho ni kipya: kilifunguliwa tarehe 30 Aprili 2012. Kabla ya hapo, kwa miaka 48, treni ilitoka Howard na haikusimama mpaka Dempster.

Ingawa ni fupi, njia yenyewe ina sura tatu, na msomaji azishike kichwani kwa sababu majibu mengine huko chini yanazitegemea. Ikitoka Howard inageukia magharibi na kushuka ndani ya mfereji mkavu uliochimbwa kukata kusini mwa Evanston. Hapo barabara za Ridge, Asbury na Dodge zinapita juu yake kwa madaraja. Ikitoka humo inapanda tuta la udongo na kuvuka mkondo wa maji uitwao North Shore Channel pamoja na barabara ya McCormick. Baada ya tuta inashuka hadi usawa wa ardhi, na kwa upande huo wa magharibi magari ya barabarani yanaikata kwenye vivuko vyenye vizuizi vya kushuka na taa. Kwa reli ya umeme yenye mwendo mkali, hicho kipande cha mwisho ndicho chenye taabu. Tutakirudia.

SWALI: Nimeona katika ramani ya zamani vituo vingi kati ya Howard na Dempster. Vilikwenda wapi?

JIBU: Ramani yako ni ya kabla ya 1948. Ili jibu lieleweke inabidi turudi kwa aliyeijenga.

Reli hii haikujengwa na shirika la usafiri wa mjini. Ilijengwa na kampuni ya treni za umeme za masafa, Chicago North Shore and Milwaukee, ambayo watu waliiita kwa kifupi North Shore Line. Kampuni hiyo ilikuwa na njia ya zamani kando ya Ziwa Michigan, iliyopita katikati ya miji midogo ya ufukweni, mahali pengine katikati ya barabara pamoja na magari. Ilikuwa polepole, wala hapakuwa na nafasi ya kuinyoosha. Bwana Samuel Insull, tajiri wa umeme aliyeishika kampuni hiyo, aliamua kujenga njia ya pili ndani zaidi, mbali na ziwa, kupitia bonde la Skokie ambalo lilikuwa karibu tupu. Kipande cha kwanza, Howard hadi Dempster, kilianza kutumika tarehe 28 Machi 1925. Mwaka uliofuata, mwezi Juni, treni za kwenda Milwaukee zikaanza kupita humo.

Insull huyo huyo alikuwa ameshika pia kampuni ya treni za juu za Chicago. Kwa hiyo reli moja ikabeba huduma mbili: treni za masafa zilizopita bila kusimama, na treni za mjini zilizosimama kila kituo hadi Dempster. Ramani yako inaonyesha vituo vya hizi za pili: Ridge, Asbury, Dodge, na kuendelea.

Tatizo ni kwamba abiria hawakuwapo. Mji wa Skokie wakati huo uliitwa Niles Center. Madalali wa viwanja waliukata vipande, wakatia lami mitaa, wakategemea kwamba treni italeta watu. Ukaja mdororo wa 1929. Mitaa ikabaki na lami na taa bila nyumba. Mwaka 1940, mji ulipobadilishwa jina kuwa Skokie, sensa ilihesabu watu 7,172 tu. Treni ya kila kituo inayosimama mahali pasipo na mtu inakula umeme na mishahara bure.

CTA, shirika la umma lililozirithi treni za mjini Oktoba 1947, lilikaa miezi sita tu nazo. Tarehe 27 Machi 1948 likafunga vituo vyote hivyo na kuweka basi badala yake. Ukiyaangalia mahesabu ya siku ile, huwezi kuwalaumu. Ukiiangalia sensa, unashika kichwa: watu 14,832 mwaka 1950, kisha 59,364 mwaka 1960. Treni ilifungwa mlangoni mwa mji ambao ulikuwa ndio kwanza unajaa.

SWALI: Kama watu walijaa hivyo, mbona ile kampuni ya masafa nayo ilikufa?

JIBU: Kwa sababu haikuwa inawahudumia hao. North Shore Line ilitegemea safari za Chicago na Milwaukee, karibu kilomita 140, pamoja na miji iliyo katikati. Desemba 1951 ilifunguliwa barabara kuu ya Edens, ambayo inapita katika maeneo yaleyale. Mwenye gari hakuona sababu ya kununua tiketi. Njia ya ufukweni ilifungwa 1955, na usiku wa kuamkia tarehe 21 Januari 1963 treni za mwisho zilimaliza safari katika njia ya Skokie pia.

Wengine wameuliza kuhusu zile treni mbili maarufu, Electroliner, zilizojengwa 1941 na kukimbia zaidi ya maili 80 kwa saa katika bonde hili. Hazikwenda kwenye vyuma chakavu. Ziliuzwa kwa kampuni ya Red Arrow kule Philadelphia, zikapewa jina la Liberty Liner. Leo moja imehifadhiwa katika jumba la Illinois Railway Museum na nyingine katika Rockhill Trolley Museum, Pennsylvania.

SWALI: Sasa ilifufukaje? Mtu hawezi kufunga reli mara mbili kisha akaifungua kwa mapenzi tu.

JIBU: Mapenzi hayakuwa na kazi hapo. Sababu ya kwanza ilikuwa karakana. Kando ya reli hii, ndani ya Skokie, ndipo ilipo karakana kuu ya CTA, Skokie Shops, ambako mabehewa ya njia zote za Chicago hupelekwa kwa matengenezo makubwa. Reli ile ikiondolewa, behewa bovu halina njia ya kufika kwa fundi. CTA ililazimika kununua kipande cha kutoka Howard hata kama asingepanda abiria hata mmoja.

Ikiwa kipande kinanunuliwa, kwa nini kisifike Dempster? Hapo ndipo lilipoingia wazo lililoiokoa reli. CTA, halmashauri ya Skokie na serikali ya shirikisho ya Marekani waliungana kufanya jaribio la miaka miwili. Masharti ya jaribio yalipindua kila kitu kilichofanyika kabla ya 1948. Vituo vya katikati, hakuna. Jengo la zamani la Dempster, lililochorwa na msanifu Arthur Gerber, libaki kuwa kituo pekee upande wa Skokie. Badala ya kumngoja abiria aje kwa miguu, pawekwe uwanja mkubwa wa kuegesha magari na nafasi ya kushushiana abiria mlangoni. Badala ya treni ndefu inayopita mara chache, behewa moja moja linalopita mara kwa mara.

Safari zilianza tarehe 20 Aprili 1964. Wapangaji walitarajia abiria wasiozidi 1,500 hivi kwa siku. Siku ya kwanza walipanda karibu 4,000. Jaribio halikungoja miaka miwili kutoa majibu.

Reli ni ileile, tuta ni lile lile, hata jengo la Dempster ni lile la zamani. Kilichobadilika ni namna abiria anavyoifikia stesheni, na idadi ya mara anazosimamishwa njiani. Wanaodhani treni ya vitongoji inafaulu kwa kuongeza vituo waitazame kesi hii kwa makini. Mahali ambapo nyumba zimetawanyika na kila mtu ana gari, kituo kimoja chenye maegesho kilishinda vituo vingi vya kutembelea kwa miguu.

SWALI: Nimesoma kwamba treni hii ilikuwa ikibadilisha umeme ikiwa inakimbia. Inawezekanaje, na kwa nini?

JIBU: Ni kweli, na iliendelea hivyo hadi 2004.

Treni za Chicago zinachukua umeme wa volti 600 wa mkondo mnyoofu kutoka reli ya tatu, chuma kilicholazwa kando ya njia juu kidogo ya mataruma. Chini ya behewa kuna vibao vya chuma vinavyoteleza juu ya hiyo reli. Mafundi huviita viatu. North Shore Line yenyewe ilitumia waya wa juu katika bonde la Skokie. Matokeo yake, upande wa Howard ulikuwa na reli ya tatu na upande wa Dempster ulikuwa na waya.

Mabehewa ya Skokie Swift kwa hiyo yalivaa vifaa vyote viwili: viatu chini, na mkono wa kukunjika juu ya paa. Mpaka wa umeme ulipofika, dereva hakusimama. Akitoka Howard, aliinua mkono ukashika waya, viatu vikaachana na reli ya tatu, na behewa likaendelea. Akirudi, viatu vilishika kwanza ndipo mkono ukashushwa. Kinachoharibika hapo ni rahisi kukisia: mkono ukiachwa juu pasipo waya unaweza kugonga kitu cha kwanza kilicho juu ya njia na kung'oka, ukiinuliwa ukachelewa, behewa linabaki bila umeme na kuserereka kwa kasi yake tu. Ndiyo maana mikono ya reli hii ilitengenezwa iwe ya kuinuka na kulala haraka.

Mabehewa yenyewe ya 1964 yanastahili aya. Mengi yalikuwa ya kundi la namba 1 hadi 50, yaliyojengwa na St. Louis Car Company kwa vipuri vilivyotolewa kwenye tramu za Chicago zilizostaafishwa. Kila moja lilikuwa na chumba cha dereva pande zote mbili, kwa hiyo liliweza kwenda peke yake na kurudi bila kugeuzwa. Saa za msongamano yaliongezwa manne makubwa, namba 51 hadi 54, kila moja likiwa na vipande vitatu vilivyounganishwa kama kiwavi. Hayo yalijengwa 1947 na 1948 kama majaribio na hayakupata mahali pazuri pa kufanyia kazi mpaka Skokie ilipoyahitaji.

SWALI: Waya ukaondolewa kwa nini? Na reli ya tatu inapitaje kwenye kivuko cha barabara bila kumuua mtu?

JIBU: Mifumo miwili ni gharama mara mbili: vipuri viwili, mafundi wa aina mbili, na mabehewa maalumu ambayo hayawezi kuchanganywa na ya njia nyingine. Njia ya Evanston, jirani yake, iliondoa waya mapema, mwaka 1973. Skokie ilingoja hadi 2004, na tangu hapo behewa lolote la CTA lenye viatu linaweza kufika Dempster.

Kwenye kivuko reli ya tatu inakatwa. Haipiti barabarani kabisa. Inaishia kabla ya ukingo wa lami, ncha yake ikiwa imeinamishwa chini ili kiatu kitoke na kuingia taratibu bila kupigwa. Umeme unavuka kwa kebo nene iliyofukiwa chini ya barabara, kisha reli inaanza tena upande wa pili. Kuna mambo matatu yanayosumbua.

La kwanza ni urefu wa pengo. Behewa la Chicago lina urefu wa futi 48, mita 14.6. Treni ya mabehewa mawili haifiki mita 30. Pengo likiwa fupi kuliko umbali kati ya kiatu cha mbele na cha nyuma, daima kuna kiatu kimoja chenye umeme. Pengo likiwa refu zaidi, treni inavuka kwa kuserereka, taa zinaweza kuzimika kwa sekunde, na dereva hapaswi kusimama hapo kwa sababu hataweza kuondoka. La pili ni chumvi ya kuyeyusha barafu inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Inaingia kwenye vihami na kupitisha umeme mahali usipotakiwa. La tatu ni watu. Reli ya tatu iliyo usawa wa ardhi iko hatua chache tu kutoka anapopita mtu wa miguu, kwa hiyo pembeni mwa kivuko kuna uzio, mabango, na sakafu ya vipande vyenye ncha inayofanya kutembea kando ya reli kuwa mateso. Usiikanyage kwa kujaribu. Volti 600 hazisamehi.

SWALI: Mwaka 2015 reli ilifungwa miezi mingi. Ilibomoka yenyewe?

JIBU: Kilichobomoka ni tuta. Tarehe 17 Mei 2015, karibu na barabara ya McCormick, udongo wa tuta uliporomoka kuelekea upande ambako kulikuwa na ujenzi wa kiwanda cha kusafisha maji taka. Reli ikabaki inaning'inia. Huduma ilirudi tarehe 30 Oktoba mwaka huo huo. Katikati abiria walibebwa kwa mabasi.

Tuta la udongo husimama kwa sababu mguu wake, yaani sehemu ya chini kabisa ya mteremko, unalibana lisiteleze. Ukichimba shimo mbele ya mguu huo, umeondoa kizuizi. Ndiyo maana wachimbaji hupigilia kwanza ukuta wa mabamba ya chuma ardhini, na kuufunga kwa mihimili. Ukuta ukisogea hata kidogo, udongo ulio nyuma yake unasogea nao, na ukiwa umelowa huwa mzito na mtelezi zaidi. Dalili huanza mapema: nyufa ndefu juu ya tuta zinazokwenda sambamba na reli, kokoto zinazozama upande mmoja, reli moja kushuka kuliko mwenzake. Mkaguzi anayepita na kipimo cha usawa huziona kabla ya macho ya abiria.

SWALI: Na ile ajali ya Novemba 2023? Tulisikia breki zilikataa.

JIBU: Breki hazikukataa. Umbali ndio haukutosha, na hili ni jambo ambalo kila anayeshughulika na reli za zamani anapaswa kulijua.

Tarehe 16 Novemba 2023 asubuhi, treni ya mabehewa mawili iliyokuwa ikielekea Howard iliigonga kwa nyuma mashine ya kuondolea theluji iliyokuwa mbele yake njia ileile, karibu na Howard. Mfumo wa ishara ulimwamuru dereva asimame, naye alishika breki. Treni ikateleza, ikagonga ikiwa bado na mwendo wa maili 27 hivi kwa saa. Wachunguzi wa serikali, NTSB, walikuta mabaki ya mimea juu ya reli. Kwa wasiojua: majani yanayosagwa na magurudumu hugeuka utando wa utelezi kama sabuni, na gurudumu la chuma juu ya utando huo halishiki.

Lakini kuna tarakimu nyingine katika uchunguzi huo iliyo nzito zaidi. Mfumo wa ishara wa mahali pale ulikuwa umepangwa kwa umbali wa kusimamia wa futi 1,780, sawa na mita 543. Kwa kipimo kinachotumika sasa kwa mabehewa mapya, umbali unaotakiwa ni futi 2,745, mita 837. Ishara zilipangwa zamani, kwa mabehewa ya zamani. Mabehewa yakabadilika, ishara zikabaki.

Huduma ilirudi tarehe 5 Januari 2024, na mwendo wa juu ukapunguzwa kutoka maili 55 hadi 35 kwa saa. Wasomaji wawili waliuliza kama hiyo si danganya toto. Piga hesabu. Umbali wa kusimama hufuata mraba wa mwendo. 35 gawa kwa 55 ni 0.64, mraba wake ni 0.40. Mita 837 mara 0.40 ni mita 335 hivi, bila kuhesabu sekunde za mfumo kuitikia. Inaingia ndani ya mita 543 na kubakisha akiba ya utelezi. Ni dawa ya bei nafuu, na inafanya kazi. Gharama yake anailipa abiria kwa dakika, na kwa treni ambayo jina lake maana yake ni wepesi, hilo linauma kidogo.

SWALI: Mwanangu anakwenda kusoma Chicago na atapanga chumba Skokie. Apandeje?

JIBU: Kutoka katikati ya jiji apande Njia Nyekundu inayoelekea Howard hadi mwisho. Pale Howard asitoke getini. Abadilishe ndani kwa ndani, asome bango lililoandikwa Dempster-Skokie, kwa sababu Njia ya Zambarau ya kwenda Evanston na Linden inasimama stesheni hiyo hiyo na wageni huipanda kwa makosa. Malipo ni kwa kadi ya nauli iitwayo Ventra au kadi ya benki ya kugusisha.

Jambo moja alikariri: Njia Nyekundu inakimbia saa 24, ya Njano haikimbii usiku kucha namna hiyo. Usiku wa manane hakuna. Kwa miaka mingi hata Jumamosi na Jumapili haikuwapo. Ilianza kwenda wikendi mwaka 2008. Kwa hiyo kabla ya kutoka usiku aangalie treni ya mwisho kutoka Howard katika ratiba ya siku hiyo, si ya jana. Na ikiwa chumba chake kiko karibu na barabara ya Oakton ashuke kituo cha kwanza, asipitilize hadi Dempster kama ramani za zamani zinavyomwambia.

Kuhusu kurefusha reli hadi maduka ya Old Orchard, ambako barua tatu zimeuliza: mpango ulichorwa, ukajadiliwa miaka mingi, haukujengwa. Mwisho wa reli ni Dempster.